Sambo's: mgahawa ulioshinda mahakamani, ukakataliwa mtaani

Tarehe 17 Juni 1957, wanaume wawili walifungua mgahawa mdogo kando ya bahari katika mji wa Santa Barbara, jimbo la California. Mmoja aliitwa Sam Battistone. Mwenzake, Newell Bohnett, alizoeleka kwa jina la Bo. Walihitaji jina la kuandika juu ya mlango, wakafanya kama washirika wengi wafanyavyo: wakaunganisha vipande vya majina yao. Sam, kisha Bo. Likatoka Sambo's, yaani kwa Sambo.

Kufikia mwaka 1979 mgahawa ule ulikuwa umezaa matawi 1,117 katika majimbo 47 ya Marekani. Miaka miwili baadaye, Novemba 1981, kampuni ilikuwa mahakamani ikiomba kinga dhidi ya wadai wake.

Kisa hiki husimuliwa nusunusu. Wako wanaokisimulia kama kisa cha watu wawili waliosumbuliwa bure kwa ajili ya silabi mbili zilizowaudhi Wamarekani Weusi. Wako wanaosema jina peke yake ndilo lililouangusha mgahawa. Nimekifuatilia kwa muda, na naona pande zote mbili zinaruka kiini chake. Waanzilishi wale walikuwa na maelezo mazuri kabisa ya jina lao, maelezo ya kweli, na hayakuwafaa kitu. Kibao cha mlangoni hakibebi maelezo. Hubeba jina tu, na anayepita barabarani hulijaza maana kwa maisha aliyoyaishi yeye, si kwa nia ya aliyelibandika.

Sasa tuanze na hadithi ya mtoto na chui milia, maana bila hiyo kisa hakieleweki.

Mwaka 1899 kilichapishwa London kitabu kidogo cha watoto kiitwacho The Story of Little Black Sambo. Mwandishi, Helen Bannerman, alikuwa Mskoti aliyeishi India miaka mingi pamoja na mumewe, aliyekuwa daktari. Aliitunga hadithi kwa ajili ya binti zake. Mtoto Sambo anapewa nguo mpya: koti jekundu, suruali ya buluu, mwavuli wa kijani, viatu vya zambarau. Anakwenda kutembea msituni, anakutana na chui milia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anataka kumla. Anajinusuru kwa kumpa huyu koti, yule suruali, mpaka anaondokewa na mapambo yake yote. Kisha chui milia wanagombana nani kapendeza zaidi, wanakamatana mikia kwa meno, wanakimbizana kuuzunguka mti kwa kasi kubwa hadi wanayeyuka na kuwa samli. Baba anaizoa samli, mama anaipikia pankeki. Jioni familia inakaa kula. Mama anakula pankeki 27, baba 55, na Sambo mwenyewe 169.

Ukiitazama hadithi yenyewe, ni ya mtoto mwerevu anayewashinda wanyama wakali na kurudi kwao salama. Naweza kuelewa kwa nini watoto waliipenda. Ila mama yake Sambo ameitwa Black Mumbo na baba yake Black Jumbo. Unganisha majina hayo na utapata mumbo jumbo, msemo ambao Waingereza huutumia kwa maneno ya kipuuzi yasiyoeleweka, hasa wanapokejeli ibada na mila za watu wengine. Kwa hiyo mchezo wa maneno ulikuwamo ndani ya kitabu muda mrefu kabla ya kuwapo mgahawa, na uliwachezea wazazi wa mtoto Mweusi.

Kikaja kisa kingine. Haki za kitabu ziliuzwa kwa pauni 5, na mwandishi akabaki hana usemi juu ya nani akichapishe wala kwa picha zipi. Huko Marekani wachapishaji mbalimbali walikitoa kwa picha zao wenyewe, na nyingi zilimchora Sambo na wazazi wake kwa namna ileile iliyotumika kuwadhihaki Wamarekani Weusi katika matangazo na kwenye majukwaa ya vichekesho: midomo mikubwa, macho ya kutumbuka, matambara mwilini. Chui milia na samli vilibaki vya India. Mtoto akageuzwa kuwa mtoto wa shamba la pamba.

Battistone na Bohnett waliuza pankeki. Fikiria jambo hilo lilivyowajia. Wana jina lililotokana na majina yao, wana mgahawa wa pankeki, na nchi nzima inaijua hadithi ya mtoto mwenye jina hilohilo aliyekula pankeki 169. Mfanyabiashara yeyote angeiona hiyo kuwa bahati. Wakaichukua. Wakaipamba migahawa kwa michoro ya Sambo na chui milia wake: ukutani, kwenye orodha za vyakula, kwenye vitu vya kugawia watoto.

Hapa ndipo ninapoliona kosa lenyewe, na nalitofautisha kwa makusudi na lile la kuunganisha majina. Siku walipoandika Sam na Bo pamoja walipata jina lenye tatizo kwa sadfa, na ninakubali kuwa ilikuwa sadfa. Siku walipomwita mchoraji, sadfa iliisha. Mtu anayepaka picha ya Sambo ukutani hawezi tena kusema kwamba hakuijua maana ya pili ya jina lake, kwa sababu ameichora. Mchezo wa maneno huishi kwa kuwa na maana mbili kwa wakati mmoja, na wao waliamua kuila faida ya zote mbili: moja ya kuwaeleza waandishi wa habari, nyingine ya kuwavutia watoto.

Hilo lingekuwa dogo kama neno lenyewe lingekuwa jepesi. Halikuwa hivyo.

Kwa sikio la Mswahili, Sambo ni jina kama majina mengine. Kaskazini mwa Nigeria ni jina la heshima la mtu. Namadi Sambo alikuwa makamu wa rais wa nchi hiyo kuanzia 2010 hadi 2015. Urusi kuna mchezo wa mieleka uitwao sambo, ufupisho wa maneno ya Kirusi yenye maana ya kujilinda bila silaha, na mabingwa wake hupanda jukwaani kwa fahari. Herufi ni zilezile tano. Hakuna aliyeumizwa nazo Kaduna wala Moscow.

Katika Kiingereza cha Marekani zilikuwa na historia nyingine. Katika makoloni ya Hispania neno zambo lilimtaja mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa bara la Amerika, na katika makoloni ya Waingereza Sambo likawa jina la kumwitia mwanamume Mweusi yeyote, liwe ni lake au la. Harriet Beecher Stowe alilitumia katika riwaya yake ya mwaka 1852, Uncle Tom's Cabin, kwa mmoja wa wasimamizi watumwa katika shamba la Legree. Kwenye maonyesho ya vichekesho, ambamo wazungu walijipaka masizi usoni, Sambo alikuwa mtu wa kuchekwa: mvivu, mwenye tabasamu lisilokoma, mtu mzima asiyekua, anayeridhika na chochote atakachotupiwa. Sura hiyo ilikuwa na kazi. Iliwaambia watazamaji kwamba watu hawa wanafurahia hali waliyo nayo, kwa hiyo hakuna deni la kulipwa. Neno lililofanya kazi ya namna hiyo kwa zaidi ya karne moja halisafishwi kwa sababu wenye mgahawa wanaitwa Sam na Bo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mwaka 1957 hakuna aliyekuwa ameonya. Mshairi Langston Hughes aliandika mwaka 1932 kuhusu kitabu kilekile. Alisema kinaweza kumfurahisha mtoto wa kizungu, lakini kwa mtoto aliyekwisha kuonja maumivu mengi ni kama neno la ukatili, maumivu ya ziada ya kuchekwa. Ni miaka 25 kabla ya pankeki ya kwanza kuiva Santa Barbara. Na kulikuwa na onyo kutoka katika biashara yenyewe ya chakula. Tangu 1925 kulikuwa na migahawa iliyoitwa Coon Chicken Inn, iliyoanzia Salt Lake City na kufika Seattle na Portland. Coon lilikuwa tusi kwa watu Weusi, na mteja aliingilia katikati ya kinywa cha sanamu kubwa ya uso wa Mtu Mweusi anayecheka. Watu Weusi wa Seattle walipinga waziwazi. Tawi la mwisho, lile la Salt Lake City, lilifungwa mwaka 1957, mwaka uleule Sambo's ilipofunguliwa.

Tena tukumbuke mgahawa ulikuwa mahali gani katika Marekani ya siku zile. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne Weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, Greensboro, Carolina Kaskazini, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, wakakataa kuondoka. Wengine wakawafuata katika mji baada ya mji, wakimwagiwa vinywaji, wakipigwa, wakikamatwa, wote kwa ajili ya haki ya kuketi na kula. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 iliitaja migahawa waziwazi miongoni mwa mahali ambapo ni marufuku kumkataa mtu kwa rangi yake. Kaunta ya kahawa ilikuwa mstari wa mbele wa mapambano kuliko sehemu nyingi. Siwezi kuifikiria Sambo's bila kumfikiria mzazi aliyeshinda vita hiyo, akasafiri na watoto wake, njaa ikawashika barabarani, na mgahawa wa karibu uliokuwa sasa na wajibu wa kisheria wa kumkaribisha ukawa na jina lile juu ya mlango. Sheria inamwambia aingie. Kibao kinamwambia huko ndani yeye ni katuni.

Nimeona watu wakiuliza: kama jina lilikuwa baya kiasi hicho, mbona biashara ilikua kwa zaidi ya miaka 20? Ni swali la haki na linastahili jibu kamili, kwa sababu ndilo lililowapumbaza wenye kampuni wenyewe.

Sambo's ilikua kwa sababu ilijua kazi yake. Chakula kilikuwa cha kawaida, cha bei nafuu, na kikombe cha kahawa kiliuzwa kwa senti 10. Walitoa sarafu za mbao ambazo mteja angezibadilisha kwa kikombe cha kahawa katika tawi lolote. Familia zenye watoto zilipenda rangi na chui milia. Muhimu zaidi, mameneja walikuwa na mpango uliowapa sehemu ya faida ya tawi waliloliongoza. Mpango huo uliitwa "Fraction of the Action", na uliwafanya wafanye kazi kama wenye mali. Mtu anayejua asilimia ya faida ni yake hahitaji kusukumwa kuamka alfajiri.

Na kampuni ilikulia Magharibi ya Marekani, katika miji ambamo aliyechukizwa na jina lile mara nyingi alikuwa mmoja kati ya wengi. Mtu huyo alifanya nini? Alipita. Hakuingia kulalamika, hakuandika barua. Hesabu za jioni humwonyesha mwenye mgahawa idadi ya walioingia, wala hazina mstari wa waliotazama kibao wakaendelea na safari. Ukimuuliza mteja aliyeketi mezani kama jina linamkera, umemuuliza mtu asiyefaa, maana angekuwa anakereka asingekuwa mezani. Mafanikio ya miaka ile yalikuwa ushahidi kuhusu pankeki, kahawa na mameneja. Kampuni ikayasoma kama ushahidi kuhusu jina. Ukubwa ule ukawa hoja: jina limetufikisha huku, tulibadilishe kwa nini?

Kuna dalili moja kwamba ndani ya kampuni walijua. Kadiri miaka ilivyokwenda, mtoto wa kwenye michoro alibadilika. Ngozi yake ikawa nyeupe zaidi, akavikwa kilemba, akawa mtoto wa Kihindi wa hadithini. Mtu asiyeona tatizo hamtumi mchoraji alitengeneze. Na tengenezo lilikwenda mahali pasipouma. Walirekebisha picha, ambayo ilikuwa ndani, wakaliacha jina, ambalo lilikuwa nje kwenye herufi kubwa. Kwa aliyeumizwa na neno hakuna kilichobadilika. Kwa aliyekuwa hajali, picha mpya haikumaanisha chochote. Nadhani kumfanya Sambo asiwe Mweusi kulikuwa hata na uchungu wake: ni kana kwamba rangi ya mtoto ndiyo iliyokuwa kasoro, wakati kasoro ilikuwa dhihaka.

Miaka ya 1970 kampuni ilijitanua kuelekea Kaskazini-Mashariki na majimbo ya kati, kwenye miji yenye jamii kubwa za watu Weusi waliokwisha kujipanga, wenye madiwani wao, vyama vyao na mawakili wao. Huko watu hawakupita tu. Mabaraza ya miji kadhaa yalipitisha maazimio ya kulipinga jina. Mengine yakazuia vibali.

Kisa cha Ann Arbor, Michigan, kinafaa kutazamwa kwa karibu. Kampuni ilipokuwa ikitafuta idhini ya kujenga huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliahidi kwamba haitatumia jina la Sambo's. Mgahawa ukafunguliwa kwa jina la Jolly Tiger, Chui Milia Mchangamfu. Ukafanya kazi. Watu wakala pankeki zilezile. Kisha, baadaye katika muongo uleule, kampuni ikataka kuirudia Sambo's. Jiji likakataa mabango mapya na kuikumbusha ahadi yake. Kampuni ikaenda mahakamani.

Huko Toledo, Ohio, mvutano wa namna hiyo ulikuwa umeamuliwa mwaka 1979: mahakama ya shirikisho ilisema baraza la jiji halina mamlaka ya kuzuia jina la biashara kwa sababu linawaudhi watu. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kesi ya Ann Arbor kwa mwelekeo huohuo. Jina la biashara ni usemi, usemi unalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, na ahadi ile haikutosha kuifunga kampuni.

Nimelitafakari hili kwa muda mrefu, na nitasema ninavyoamini. Mahakama zilikuwa sahihi. Sipendi baraza la jiji liwe na nguvu ya kuchagua jina gani liandikwe kwenye duka, kwa sababu nguvu hiyo ingekuja kutumika kesho dhidi ya wanyonge walewale inaowalinda leo. Lakini hukumu ile ilijibu swali ambalo halikuwa swali la kampuni. Mahakama iliulizwa: je, serikali inaweza kuwazuia? Swali la mwenye mgahawa ni jingine kabisa: je, majirani wataingia? Mgahawa hauishi kwa haki ya kuwepo. Unaishi kwa mtu mwenye hiari ya kwenda kwingine, anayeamua asubuhi hii kuja kwako. Hukumu haimwingizi mtu huyo mlangoni, na ahadi iliyovunjwa humfukuza hata yule ambaye mwanzoni hakuwa na neno na jina.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lile la Jolly Tiger. Walikuwa na jawabu mkononi! Walikuwa na mgahawa wao wenyewe, wenye jikoni yao na bei zao, unaoendeshwa kwa jina lisilomuumiza mtu, lenye chui milia waliowapenda. Wangeweza kulieneza jina hilo taratibu nchi nzima. Badala yake wakalivua na kutumia mawakili kupigania lile la zamani. Hapo hakukuwa tena na sadfa ya majina ya washirika. Hapo watu walikuwa wameambiwa kwa uwazi, kwa maandishi, na wale waliohusika, kwamba jina linaumiza, nao wakajibu kwa kesi.

Machi 1981 kampuni ilianza kugeuza majina ya matawi ya Kaskazini-Mashariki yawe No Place Like Sam's, yaani hakuna pahali kama kwa Sam. Miezi minane baadaye ikafilisika. Hukumu ya Ann Arbor, ushindi wake mkubwa, ilitoka mwaka huohuo.

Je, jina ndilo lililoiua? Hapana, si peke yake, na anayetaka kukitumia kisa hiki vizuri asiseme hivyo. Mpango wa kugawana faida na mameneja, uliokuwa uti wa mgongo wa kampuni, uliingia kwenye matatizo ya kihesabu na wasimamizi wa masoko ya mitaji mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulipobadilishwa, mameneja wengi wazuri waliondoka, na huduma ikaporomoka nao. Matawi yalikuwa yamefunguliwa kwa kasi kuliko uwezo wa kuyasimamia. Kampuni yenye jina zuri ingeweza kufilisika kwa sababu hizo tu.

Ila tazama jina lilifanya nini wakati huo wa dhiki. Kampuni inayoyumba huhitaji marafiki: wateja wanaorudi hata kahawa ikiwa imepoa, miji inayotoa vibali haraka, magazeti ya mtaa yanayoandika kwa wema. Sambo's ilikuwa imejinyima hayo katika maeneo yaleyale iliyokuwa ikiyategemea kukua. Fedha za mawakili, mabango ya kubadilisha mara mbili, utambulisho uliogawanyika majina matatu nchini, yote hayo yaliangukia miaka ambayo kampuni haikuwa na nafasi ya kukosea. Kubadilisha jina mwaka 1957 kungegharimu ndoo ya rangi. Wangeweza hata kuligeuza tu: Bo kwanza, kisha Sam. Bosam. Jina lingebaki la washirika wawili na lisingemgusa mtu. Mwaka 1979 kulibadilisha kulimaanisha mabango 1,117.

Baada ya kufilisika matawi yaliuzwa na kugeuzwa majina, mengine yakawa ya Denny's, kampuni nyingine ya migahawa. Nataja hilo kwa makusudi. Denny's, yenye jina lisilo na lawama yoyote, mwaka 1994 ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 54 kumaliza mashauri ya wateja Weusi waliosema walicheleweshwa, walidaiwa walipe kabla ya kula au walikataliwa. Kibao kisafi si ushahidi wa mambo yanayotendeka mezani. Nayasema haya kwa wale wanaodhani ukishaondoa neno baya kazi imekwisha.

Mgahawa mmoja ulibaki na jina: ule wa kwanza, wa Santa Barbara, kando ya bahari, katika mikono ya ukoo wa mwanzilishi. Ulibaki nalo kwa karibu miongo minne baada ya kampuni kuanguka. Naelewa mvuto wa kulihifadhi. Kwa mjukuu, Sambo's lilikuwa jina la babu, la utoto, la harufu ya jikoni aliyokulia. Maana hiyo ni ya kweli pia, na iliishi ndani ya mlango. Nje ya mlango iliendelea kuishi ile nyingine.

Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis. Katika wiki zilizofuata watu wa Santa Barbara walikusanya saini kuomba mgahawa ubadilishe jina. Safari hii hakwenda mtu mahakamani. Mwenye mgahawa, mjukuu wa Sam Battistone, aliwasikiliza walioomba, akakubali. Mwezi Juni jina likaondolewa, na kwa muda mahali pake pakawekwa alama ya amani na neno la Kiingereza la upendo. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu Sam na Bo wakae kutafuta jina.

Kisha akachagua jina jipya. Hakutafuta mchezo wa maneno wala hadithi ya kuchora ukutani. Aliandika jina lake mwenyewe, kama babu yake angeweza kuandika lake siku ile ya kwanza: Chad's.